Tovuti ya biashara: Kupita si kutua

KATIKA karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Mgunda Mkali kwa siku nyingi kabla ya kufika Tura, lango la mashariki la Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alieleza kuwa jina hilo lina maana ya kutua mzigo. Wapagazi walitua kwa sababu palikuwa na maji na chakula cha kununua.

Leo Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, kando ya Reli ya Kati, katika ukanda wa misitu ya miombo unaoipa Tabora sifa ya asali. Mnunuzi wa sasa anaweza kupitia kwenye simu yake akiwa Dar es Salaam au Nairobi. Lakini kupita si kutua. Vikundi vingi vya wajasiriamali hutengeneza tovuti zenye picha nzuri, wageni wakaingia na kutoka bila kununua hata chupa moja.

Mnunuzi kwanza, fundi baadaye

Kabla ya kumlipa fundi wa kompyuta, kikundi cha wafugaji nyuki kinapaswa kuamua kinamuuzia nani. Mama wa nyumbani anataka chupa ya nusu kilo. Msindikaji anataka ndoo. Ndoo ya lita 20 hubeba takriban kilo 28 za asali, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Bei isiyotaja kipimo humfukuza mnunuzi wa jumla mapema.

Ukurasa wa kwanza ujibu maswali matano: kinauzwa nini, bei gani, kipo kiasi gani, mteja analipaje, na mzigo unamfikiaje. Namba ya simu na ya malipo zionekane bila kutafutwa. Picha ya mwenyekiti na historia ya kikundi zikae ukurasa wa pili. Kurasa ziwe nyepesi, kwani wengi hufungua kwa simu na hulipia kifurushi cha intaneti.

Uaminifu ndio bidhaa

Wahenga walisema chema chajiuza, lakini asali haiwezi kuonjwa kwenye kioo cha simu. Kinachosimama badala ya ulimi ni ushahidi: mwezi wa kuvuna, msitu ilikotoka, alama ya ubora ya TBS kama imepatikana, na kipimo cha maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa asali ya kawaida hakizidishi asilimia 20 za maji. Ikizidi hapo, asali huweza kuchacha.

Kikundi kinachokusanya majina na namba za wateja kikumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hesabu kabla ya mapambo

Chukua mfano wa tovuti inayogharimu Sh600,000 kwa mwaka. Ikiwa faida ni Sh3,000 kwa kilo, kikundi lazima kiuze kilo 200 za ziada, zaidi kidogo ya ndoo saba, ili kurudisha fedha hizo tu. Ikiwa kila wageni 100 huzaa wateja wawili wa kilo tano tano, watahitajika wageni 2,000. Kikipata wateja wanne kwa kila wageni 100, watatosha wageni 1,000. Ndiyo maana kurekebisha bei iliyofichwa huweza kuwa na faida kuliko kulipia matangazo.

Fedha hizo zingeweza kununua mizinga. Hivyo ni busara kujaribu kwa msimu mmoja: orodha ya bei itumwe kwa simu, mtu mmoja apewe kazi ya kupokea oda, na kila ulizo liandikwe daftarini. Oda zikikwama kwa sababu simu haikupokelewa au mzigo ulichelewa, tovuti haitaponya ugonjwa huo. Zikienda vizuri, daftari hilo ndilo ramani ya tovuti: maswali yaliyoulizwa mara nyingi ndiyo yatakayojibiwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.