Kusafisha Bunduki ya Mitutu Miwili na Kuiunganisha Tena

Leo tunasema na wewe uliyepata kibali na kununua bunduki ya marisau, ile ambayo wengi tunaiita shotigani, kwa ajili ya ulinzi wa nyumba na mifugo. Tutaeleza ile ya kawaida: yenye mitutu miwili, inayokunjwa katikati ili kutiwa risasi.

Iwe mpya, iwe imetumiwa na mwingine, isafishe kabla ya kuipiga. Ile mpya mara nyingi hupakwa mafuta mengi ya kuzuia kutu, na hayo lazima yatoke. Ile ya zamani huwa na masizi ya baruti, na masizi yakipata unyevu huleta kutu.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi. Mtutu ni bomba. Baruti ikiwaka, moto na marisau vinataka njia tupu. Vikikuta tope, kitambaa kilichosahauliwa, au udongo wa nyigu waliojenga humo, mtutu unaweza kupasuka. Na ujue kwamba mkono wako wa mbele umeushika mtutu huo huo!

Basi tuanze. Kwanza, elekeza mitutu mahali pasipo na mtu wala mnyama. Ondoa kidole kwenye kifyatulio. Kunja bunduki, toa risasi, kisha tazama chemba zote mbili, yaani mahali risasi zinapokaa. Usiridhike kwa kutazama tu; tia na kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine kabla hujaanza kazi.

Pili, funga bunduki ikiwa tupu. Chini ya mitutu kuna kipande cha mbao. Fungua kishikizo chake, ukitoe. Sasa kunja bunduki tena, mitutu itaachia, uinyanyue. Una vipande vitatu: mitutu, kipande cha mbao, na kitako pamoja na mitambo yake. Viweke juu ya kitambaa safi. Mitambo ya ndani usiifungue. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kibali.

Tatu, safisha mitutu. Daima ingiza ufito kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni, ili uchafu usirudi kwenye mitambo. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia bunduki, ngoja kidogo, halafu pitisha brashi ya shaba mara kadhaa. Fuatisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kisafi. Mwisho, kitambaa chenye mafuta kidogo sana. Hesabu vitambaa ulivyoingiza na vilivyotoka.

Nne, futa sehemu nyingine za chuma, na tia tone la mafuta kwenye bawaba. Mbao zifute kwa kitambaa kikavu. Mafuta mengi si matunzo, maana hushika vumbi na kuharibu mbao.

Kuunganisha ni kurudi njia ile ile. Pachika mitutu kwenye bawaba yake, funga taratibu, kisha rudisha kipande cha mbao mpaka usikie kishikizo kimeshika. Kikikataa, usipige nyundo. Toa, tazama, anza upya. Baada ya hapo kunja na ufunge mara mbili tatu ukiwa huna risasi karibu, na uangalie kama kile kizuizi cha usalama kinakwenda na kurudi.

Halafu kunja tena, utazame ndani ya mitutu yote miwili ukielekea kwenye mwanga. Uone duara safi toka mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyo kila mara kabla ya kutia risasi.

Neno moja juu ya risasi. Bunduki nyingi ni za namba 12, na namba hiyo imeandikwa kwenye mtutu. Risasi ya namba 20 ni nyembamba. Ukiitia kwenye namba 12 hupita chemba na kukwama mbele. Wewe utaona chemba tupu, utie ya namba 12 nyuma yake, ufyatue. Hapo mtutu hupasuka. Ndiyo sababu risasi za namba 20 huwa na ganda la manjano. Usizichanganye kamwe, hata ukipewa bure.

Ukimaliza, usizibe mdomo wa mtutu kwa tambara. Linashika unyevu, tena husahauliwa. Fungia bunduki mahali pake na risasi pengine, watoto wasifike. Na kumbuka, kibali ni cha jina lako. Jembe unaweza kumwazima jirani, bunduki haiazimwi.