Tanki mpya ya maji moto, lakini maji inatoka vuguvugu: kosa iko wapi?

Mama mukwe yangu ana miaka mingi na mifupa inamuuma. Hapa Bukavu tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na kuoga maji baridi asubuhi si mchezo kwa mtu kama yeye. Ndiyo maana tanki yetu ya zamani, ile tunaita shofoo, ilipotoboka, tulijikaza tukanunua ingine ya litri 80, wati 1.500. Siku ya tatu mama alitoka mu dushi akitetemeka. Maji ilianza vizuri, kisha dakika mbili tu ikageuka vuguvugu.

Fundi akasema: « Mama, hii tanki ni mbovu, muirudishe ku magazini. » Muuzaji naye akajibu kwamba fundi ndiye aliifunga vibaya, kwa hiyo garanti imekwisha. Pesa yetu ikabaki katikati yao. Na mwishowe tulikuta kama tanki haikuwa na ugonjwa wowote.

Mbele ya kugusa kitu, kata disjonkteri na uhakikishe na testeri kama kuran haiko tena. Kama huna testeri, usifungue kifuniko, ita mtu anayo. Kisha jiulize: maji ni baridi kabisa, ao inaanza moto na kupoa mbio? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Ikiwa ni baridi kabisa, angalia kwanza kama kuran inafika mpaka ku tanki yenyewe. Ikiwa inafika, chini ya kifuniko, ku termostati, kuna kidude kidogo cha kubonyeza. Kinaruka chenyewe wakati joto imepita kipimo, na mara zingine kinaruka sababu mtu aliwasha tanki ikiwa bado tupu. Bonyeza: ukisikia « tak », kilikuwa kimeruka. Kikiruka tena kesho, usiendelee kubonyeza tu, kuna sababu ya kutafuta. Kama hakikuruka, fundi achomoe nyaya na apime rezistansi kwa omu. Ile ya wati 1.500 ku volti 220 inapaswa kuonyesha kama omu 32. Ikiwa mashini haionyeshi kitu, rezistansi imekatika, na hapo ndipo una haki ya kurudi kwa muuzaji. Lakini rezistansi iliyowashwa bila maji inaungua mbio sana, na muuzaji atakuuliza. Kwa hiyo, siku ya kufunga, fungua robine ya maji moto, acha tanki ijae mpaka maji itoke bila hewa, ndipo uwashe.

Sasa turudi kwetu: maji inaanza moto, kisha inapoa. Mu tanki ya ukutani iliyosimama, maji moto inakaa juu na baridi inakaa chini. Mlango wa bluu unaingiza maji baridi chini. Mlango mwekundu una tiyo ndefu ndani, inayopanda mpaka juu kuchota ile ya moto. Ukigeuza hizo mbili, baridi inamwagika juu ya moto na kuichafua, na wewe unachota ya chini. Fundi wetu alifuata tu tiyo za zamani namna zilivyokuwa zinatoka ukutani, hakuangalia rangi. Kujua ni rahisi: tanki ikiisha kupata joto, fungua robine ya maji moto na uguse tiyo zote mbili polepole. Ile ya upande wa bluu ikipata joto, zimegeuzwa. Kwetu kazi ya kurekebisha ilichukua nusu saa.

Kama tiyo ziko sawa, funga maji baridi inayoingia ku tanki, kisha fungua robine ya moto. Ikiendelea kutiririka vizuri, maji baridi inapita kwingine, mara nyingi mu dushi yenye robine mbili zilizoachwa wazi huku maji imefungwa mbele. Na uangalie maandishi ku tanki: ile iliyotengenezwa kusimama, usiilaze. Ikilazwa, sehemu kubwa ya maji haipati joto, na iko hatari.

Kisha kuran yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanalaumu tanki bure. Kutoa litri 80 ku digri 20 na kufikisha 60 inadai karibu kilowati-saa 3,7. Na volti 220 kamili, wati 1.500 inafanya hiyo kwa saa mbili na nusu. Lakini mangaribi, wakati kila jiko ya mtaa imewaka, volti inaweza kushuka mpaka 160. Nguvu haishuki sawasawa na volti, inashuka mbio zaidi: inabaki karibu wati 800, na kazi inachukua karibu saa tano. Ku volti 110 ni robo tu, zaidi ya saa tisa. Ukioga saa moja baada ya kuwasha, utasema tanki imekufa. Sisi tunawasha saa nne ya usiku, kuran ikitulia, na tunazima asubuhi. Usijaribu kuongeza nguvu na waya nyembamba ao na prizi ya redio. Tanki kama hii inataka laini yake, waya ya milimeta mraba 2,5, na waya ya kuingiza kuran mu udongo. Hiyo ya udongo fundi wengi wanairuka. Usimlipe kama hajaiweka, sababu mtu anayeoga ana mwili mzima wenye maji.

Jambo la mwisho, ile valvu ya usalama ku mlango wa bluu. Inadondosha maji kidogo wakati tanki inapata joto, sababu maji moto inavimba. Jirani yangu alitaka kuiziba na mpira ili sakafu isilowe. Tulimzuia: tanki isiyo na njia ya kupumua inaweza kupasuka. Weka kopo chini, ao tiyo ndogo mpaka ku mfereji.

Mama mukwe sasa anaoga saa kumi na mbili ya asubuhi, na anakaa humo mpaka watoto wanagonga mlango.