Gazeti la Mikono Mingi

Akina mama wa Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Kawe wanapokutana katika jumuiya zao, vipaji havikosekani. Yupo anayechora maua ya kudarizi, yupo mtunzi wa nyimbo za kwaya, yupo bingwa wa hadithi na yupo mwenye mwandiko mzuri. Lakini mara nyingi vipaji hivyo huishia kwenye vitambaa vya meza na daftari la mahudhurio. Njia mojawapo ya kuviunganisha ni kutengeneza gazeti dogo la kikundi, ambalo kila mama anapewa ukurasa wake.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1888, katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, lilianza gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, na wanafunzi walishiriki kulitengeneza. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1988, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 jijini Dar es Salaam, kilianza kutoa jarida la Sauti ya Siti. Jina hilo ni la kumkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyewahi kuuza vyungu. Hakupata elimu ya shule, lakini mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri.

Hapo tupate funzo la kwanza: asiyejua kuandika asiachwe nje. Anaweza kuchora, au kusimulia huku mwenzake akiandika maneno yake kama alivyoyasema. Khanga zetu zimetuzoesha jambo hili, kwani picha na maneno hukaa pamoja katika kitambaa kimoja.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Chukua karatasi mbili kubwa za A3, ziweke pamoja, kisha zikunje katikati. Utapata kurasa nane. Ziandike namba kabla ya kuzikunjua, kwa sababu zikishafunguliwa utaona ukurasa wa kwanza umekaa ubavuni mwa ukurasa wa nane, na wa pili ubavuni mwa wa saba. Usipofanya hivyo, habari zitavurugika. Tumieni wino mweusi, kwani penseli hufifia kwenye fotokopi. Acheni nafasi ya sentimita moja na nusu pembeni ili maneno yasikatwe. Mkimaliza, pelekeni steshenari wakatoe nakala pande zote mbili, kisha mzikunje na kuzibana kwa pini au kuzishona kwa uzi.

Mhariri awe wa zamu. Mmoja akishika kalamu miezi yote, gazeti litageuka kuwa lake, na wengine watakuwa wachangiaji wa fedha tu. Ukurasa wa mwenzako usiubadilishe bila yeye kukubali, hata kama mchoro wake umepinda.

Lipo jambo zito zaidi. Mama anapopewa ukurasa, huenda asichore maua. Anaweza kuchora kipigo anachopata nyumbani, au deni la mchezo linalomnyima usingizi. Mitaani kwetu nyumba zimebanana; hata jina likifichwa, jirani atamtambua. Kwa hiyo, kabla ya kutoa nakala, mwenye habari asomewe ukurasa wake na aamue mwenyewe. Akisema usitoke, usitoke. Na aliye hatarini asiachiwe ukurasa tu. Asindikizwe kwa mtu anayeweza kumsaidia, kama vile mchungaji, ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi.

Lakini tusiogope kusema. TAMWA na wenzao walipaza sauti kwa miaka kadhaa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana.

Mkitaka kuliuza gazeti lenu kwa umma, ulizeni kwanza Idara ya Habari, MAELEZO, kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 inataka magazeti yawe na leseni.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, kinaeleza kwamba mafundi Bezaleli na Oholiabu hawakuijenga maskani peke yao. Wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao. Mama, uzi wako ni upi? Ulete kwenye kikao kijacho, pamoja na kalamu nyeusi.