KABLA YA LAMI, UDONGO UPIMWE

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba,

Katika mikutano yetu ya Nkoma hapa Mbale, na ile ya Jinja, swali moja limeulizwa mara nyingi: kwa nini barabara moja hutiwa lami na kupasuka kabla ya mvua za pili, na nyingine hukaa miaka mingi? Watu hujibu haraka kwamba lami ilikuwa nyembamba. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ubovu hauko juu, uko chini, mahali ambapo macho hayafiki tena kazi ikiisha. Kwa hiyo tumeona ni vyema tueleze jambo hili, maana wengi wetu ni vibarua wa barabara hizo, na sote tunapita juu yake.

Kazi ya lami ni kuzuia maji na kuwapa magurudumu mahali pazuri pa kupita. Mzigo wa lori la miwa haubebwi na lami peke yake. Unashuka, unapita tabaka la kokoto, unapita tabaka la muramu, na mwisho wake unabebwa na udongo wenyewe. Udongo ukiwa dhaifu unabonyea, na lami iliyo juu inapasuka. Maji yanaingia katika ufa, udongo unalainika zaidi, na shimo limezaliwa.

Udongo wa nchi yetu si wa namna moja. Ule mwekundu wa Busoga na wa miteremko ya Mlima Elgon kwa kawaida unashindiliwa vizuri. Lakini barabara ya Tirinyi inayokuja Mbale inavuka kinamasi cha mto Mpologoma, na mahali kama hapo udongo umejaa maji. Ukienda Karamoja utakuta udongo mweusi wa pamba. Huo ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Barabara iliyojengwa juu yake bila matibabu inapanda na kushuka kila mwaka.

Basi udongo unapimwaje? Kwanza yanachimbwa mashimo kando ya njia, na udongo wa kila shimo unatiwa katika mfuko wenye alama na kupelekwa maabara. Serikali inayo maabara kuu ya vifaa vya ujenzi Kireka, karibu na Kampala, na mkandarasi mkubwa huwa na maabara yake penye kazi.

Kipimo cha kwanza ni cha unyevu na unato. Udongo wenye maji unaviringishwa kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3. Udongo wa mchanga unakatika mapema. Udongo wa mfinyanzi unaendelea kuviringika hata maji yakiwa mengi, na huo ndio wa kuogopwa. Kipimo hiki kilitokana na kazi ya Albert Atterberg, mtu wa Uswidi, mwanzoni mwa karne iliyopita.

Cha pili ni cha kushindilia. Udongo unatiwa katika kopo la chuma na kupigwa kwa nyundo, mara ukiwa na maji kidogo, mara maji zaidi. Maji yakiwa machache punje hazishikani, yakiwa mengi yanachukua nafasi ya punje. Katikati kuna kiasi kimoja ambapo udongo unakuwa mzito kuliko vyote. Ndiyo sababu bauza la maji lina kazi kama rola yenyewe, na msimamizi anayeshindilia udongo mkavu ili kuokoa mafuta anaharibu kazi.

Cha tatu ni cha nguvu, nacho kinaitwa CBR kwa sababu kilianzia California huko Marekani. Udongo ulioshindiliwa unalowekwa majini siku 4, kisha chuma cha mviringo kinasukumwa ndani yake polepole. Nguvu iliyotumika inalinganishwa na ile inayohitajika kwa kokoto nzuri, ambayo ndiyo asilimia 100. Udongo wa asilimia 2 ni mbovu kabisa. Wenye 15 unafaa. Wenye 30 au zaidi ni mzuri sana. Kuloweka siku 4 si kupoteza wakati: udongo mkavu karibu wote ni hodari, na ni maji yanayoonyesha ukweli wake.

Ukionekana dhaifu, ziko dawa nne. Ya kwanza ni kuutoa na kuleta muramu mzuri. Ya pili ni kuyaondoa maji kwa mifereji na makalvati, na kuinua barabara juu ya kinamasi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Mbale, mmojawapo Nabuyonga, ilifurika na watu zaidi ya 20 wakafa. Hakuna udongo unaostahimili maji yasiyopewa njia. Ya tatu ni saruji, ambayo inafaa udongo wa mchanga na muramu. Ya nne ni chokaa, ambayo inafaa udongo wa mfinyanzi. Chokaa inabadili tabia ya mfinyanzi: punje zake nyembamba zinagandamana, unato unapungua upesi, na baadaye unaendelea kukaza kwa majuma na miezi.

Saruji haingoji mtu. Kuanzia kuchanganywa mpaka kumaliza kushindiliwa inafaa zisipite saa 2. Baadaye tabaka linawekwa unyevu kama siku 7, wala malori yasipite.

Sasa sikilizeni hesabu hii, kwa maana inamhusu kibarua na mtunza stoo. Tuseme barabara ina upana wa mita 7, tabaka la kutibiwa ni milimita 150, udongo mkavu ulioshindiliwa una kilo 1,600 kwa mita moja ya ujazo, na mhandisi ameagiza chokaa asilimia 4. Kila mita ya mraba inahitaji kilo 9.6. Mfuko wa kilo 25 unatosha mraba wa mita 1.6 kwa 1.6 tu. Kilomita moja inahitaji mifuko kama 2,688. Ikiwa mifuko iliyopangwa imeachana mita 2 na zaidi, chokaa imepungua kwa zaidi ya theluthi, na mnaoipanga mnaliona kabla ya mhandisi. Mfuko unaouzwa usiku, auze bwana mkubwa au auze mwenzetu, ni shimo la kesho. Hatuwezi kumlaumu tajiri kwa wizi tunaoufanya sisi.

Kuna jambo la afya pia. Chokaa ikikutana na jasho inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ile isiyozimuliwa inachemka ikiguswa na maji. Tumewaona vibarua wakiimwaga miguu mitupu, nguo imefungwa puani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo daini buti, glavu, miwani na kifuniko cha pua kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Maji safi yawe karibu. Jicho likiingiwa, lioshwe mfululizo dakika 20 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali.

Nanyi madereva mna sehemu yenu. Majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibebeshwa mzigo maradufu, uharibifu hauwi mara 2, unakuwa kama mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya uzito wa magari mwaka 2013, na lori zima halitakiwi kuzidi tani 56. Dereva akilazimishwa kuzidisha, alete habari chamani.

Ndugu, barabara mbovu hailipwi na aliyeijenga. Inalipwa na mama anayepelekwa kujifungua usiku, na mfanyakazi ambaye nauli yake imepanda lakini mshahara umebaki palepale. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha vibarua kichague mtu mmoja wa kuandika kila siku: mifuko mingapi imefunguliwa, mabauza mangapi ya maji yamemwagwa, saa ngapi rola imemaliza. Daftari na kalamu vinatosha. Kamati ya tawi ilipokee daftari hilo kila Jumamosi, na jina la aliyeandika lisitajwe mbele ya msimamizi. Akifukuzwa mmoja kwa kusema kweli, hilo si shauri lake peke yake, ni shauri la chama.