Imana, Mungu, Adonai: Je, Wayahudi na Wakristo wanamwabudu Mungu yule yule?

Wakristo wa Kigali husali kwa Zaburi zile zile zinazosomwa katika masinagogi. Hata hivyo, dini hizi mbili zinatofautiana kuhusu Mungu ni nani.

Swali la Mungu aitweje si geni nchini Rwanda. Mapadre Weupe, walioanzisha misheni ya Save mwaka 1900, walisita kulitumia jina Imana walilolikuta kwa Wanyarwanda, na kwa miaka mingi wakatumia neno la Kiswahili, Mungu. Leo Imana husikika makanisani kote, na limo katika majina ya watu kama Habimana na Hakizimana. Jina lilibadilika, lakini aliyekusudiwa hakubadilika. Kati ya Uyahudi na Ukristo, tofauti ina kina zaidi ya jina.

Mmoja asiyegawanyika

Asubuhi na jioni Myahudi mshika dini hukariri Shema, ungamo la umoja wa Mungu lililomo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Jina lenyewe la Mungu halitamkwi. Badala yake husemwa Adonai, yaani Bwana wangu. Mwanachuoni Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, alifundisha kuwa Mungu hana mwili wala sehemu, na hafanani na kiumbe chochote. Msomaji Mwislamu wa Biryogo au Nyamirambo ataona jinsi fundisho hilo lilivyo karibu na tauhidi.

Mmoja katika nafsi tatu

Wakristo nao hukiri Mungu mmoja, na kwa mujibu wa Injili ya Marko, Yesu mwenyewe aliitaja Shema kuwa mwanzo wa amri iliyo kuu. Lakini mitaguso ya Nisea, mwaka 325, na Konstantinopoli, mwaka 381, iliweka msingi wa ungamo la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu: si miungu mitatu, bali nafsi tatu katika Mungu mmoja. Katika Yesu, Wakristo huamini, Mungu alitwaa mwili. Kwa Uyahudi jambo hilo haliwezekani, kwani hata Masihi anayengojewa ni mwanadamu.

Andiko moja hutosha kuonyesha njia panda hiyo. Katika Mwanzo 1:26 Mungu anasema kwa wingi anapomuumba mtu. Wakristo wengi wa kale waliona hapo dokezo la Utatu. Wafasiri wa Kiyahudi wakasema Mungu alikuwa akizungumza na malaika.

Katika Afrika Mashariki, Semei Kakungulu, mtawala wa Kiganda aliyekuwa Mprotestanti, aliiacha imani hiyo na kufuata Uyahudi mwaka 1919 karibu na Mbale, Uganda, baada ya kuyazingatia Maandiko ya Kiebrania. Jamii ya Abayudaya aliyoiasisi ipo hadi leo.

Mungu alikuwa wapi?

Methali ya Kinyarwanda husema kwamba Imana hushinda kwingine, lakini hurudi kulala Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ambapo watu waliuawa hata ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata, wengi waliuliza alilala wapi. Wayahudi waliulizana hivyo baada ya maangamizi ya Wanazi barani Ulaya.

Mkristo huelekeza macho msalabani, ambako Mungu mwenyewe aliteswa katika Mwana. Myahudi hukumbuka agano linalomruhusu mtu kumhoji Mungu, kama walivyofanya Ibrahimu na Ayubu. Na mapokeo ya marabi husema kuwa uwepo wa Mungu, Shekina, ulikwenda uhamishoni pamoja na watu wake.

Mwaka 2000 kundi la wanazuoni wa Kiyahudi lilitoa tamko, Dabru Emet, likisema Wayahudi na Wakristo wanamwabudu Mungu mmoja, ingawa tofauti zao hazitamalizwa na wanadamu. Si Wayahudi wote waliolikubali. Huko Rwamagana, kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kilichofunguliwa mwaka 2008 kwa kufuata mfano wa vijiji vya mayatima nchini Israel, kimeunganisha Kinyarwanda na Kiebrania katika jina moja: mahali pa kufutwa machozi, na amani.