Kompyuta Ikijaa, Picha za Mgonjwa Zikae Wapi?

Kompyuta ya chumba cha eksirei ikijaa, picha mpya hukosa pa kukaa na mhudumu hushawishika kufuta za zamani. Hapo mgonjwa huweza kudhurika, kwa kuwa doa lililoonekana leo kwenye pafu hueleweka vizuri zaidi likilinganishwa na picha ya mwaka jana.

Kinga ni kukagua nafasi kila wiki. Katika Windows, mstari ulio chini ya jina la kila diski huonyesha nafasi iliyotumika. Hugeuka mwekundu nafasi inayobaki inapopungua chini ya asilimia 10.

Diski ya nje huchaguliwa kulingana na kazi. Uchunguzi mmoja wa CT waweza kuchukua mamia ya megabaiti, na diski ya terabaiti 1 huonekana katika Windows kuwa na gigabaiti 931 hivi. Diski yenye sahani zinazozunguka ni nafuu, lakini ikianguka huharibika upesi. Ya SSD haina sehemu zinazosogea, hivyo hustahimili safari za huduma za mkoba.

Hata hivyo, nakala moja haitoshi. Ya pili iwekwe jengo jingine, na zote zisimbwe kwa nywila, maana nchini Tanzania taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha isiondolewe kwenye kompyuta kabla nakala zote mbili hazijafunguliwa na kuonekana sawasawa. Mgonjwa aliyepewa picha zake naye azitunze, aje nazo kila miadi.