Mama Apokee Simu Yake Mwenyewe

Je, nyumbani kwako yuko mzee ambaye simu yake hupokewa na mtu mwingine? Simu inalia, mjukuu anaikimbilia, anapokea, kisha anapaza sauti: "Bibi, ni ami kutoka Maskati, anauliza hujambo?" Bibi anajibu, mjukuu anafikisha. Mazungumzo ya mama na mwanawe yanapita katika mdomo wa mtoto wa miaka 10. Yale ambayo mama angependa kumwambia mwanawe peke yake hayasemwi kamwe.

Hapa Tibirinzi, katika mji wa Chake Chake, ni nadra kukuta ukoo usio na mtu aliyesafiri. Wengine wako Unguja, wengine Dar es Salaam au Mombasa, wengine Oman na Dubai. Kwa mzee aliyebaki Pemba, simu ndiyo inayomkutanisha na wanawe. Masikio yakianza kuwa mazito, simu ndiyo humshinda mapema. Bado ataweza kuzungumza na jirani barazani, lakini simu ataanza kuikwepa. Watu watasema amekuwa mkimya, au umri umempa kiburi. Kumbe hasikii.

Katika kazi yangu ya uuguzi, na katika kuwatembelea wazee wa kanisani na wa mtaani, Wakristo kwa Waislamu, nimewaona wazee waliokwisha kupata mashine ya kusaidia kusikia, ile ambayo walimu huiita shimesikio, na bado simu zao zinapokewa na wengine. Familia husema mashine haifai. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mzee na kumfundisha namna ya kuitumia pamoja na simu.

Kwa nini simu ni ngumu zaidi?

Sababu ya kwanza ni macho. Mtu mwenye masikio mazito husikia pia kwa kutazama midomo na uso wa anayesema. Katika simu hakuna midomo ya kutazama.

Sababu ya pili imo katika simu yenyewe. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati tu, takriban kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sauti nyembamba kama s, f na sh zina sehemu kubwa juu ya kiwango hicho, na hizo ndizo ambazo mzee huzikosa mapema. Kwa hiyo "fika" na "shika" humfikia kama neno moja.

Sababu ya tatu ni mluzi. Mzee akibandika simu juu ya mashine, sauti inayotoka katika mashine hurudi ndani yake tena, nayo hupiga mluzi. Mzee hushtuka na kuiweka simu chini.

Asidhani mtu kwamba tatizo hili ni la wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji msaada wa kitaalamu. Hata Alexander Graham Bell, aliyepewa hati ya ubunifu wa simu huko Marekani mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na masikio mazito, na mke wake alikuwa kiziwi.

Anza na sikio

Kabla ya kuhangaika na simu, mpeleke mzee hospitali akachunguzwe masikio. Wakati mwingine kinachoziba ni nta tu, nayo huondolewa na muuguzi au daktari kwa muda mfupi. Usichokoe kwa kijiti cha pamba, kwa kalamu, wala kwa njiti ya kiberiti. Utaisukuma nta ndani zaidi, na unaweza kuitoboa ngoma ya sikio. Mweleze daktari dawa ambazo mzee amewahi kutumia, kwa maana sindano za gentamicin na streptomycin zinaweza kudhuru usikivu, na kwinini pia.

Kisha apimwe kila sikio peke yake. Mashine nzuri hupangwa kulingana na kipimo cha mtu mwenyewe. Vile vikuza sauti vinavyouzwa bila kipimo huongeza kila kitu, maneno pamoja na kelele za sufuria. Mzee huvaa siku mbili, kichwa kikamuuma, kikatupwa kabatini.

Bluetooth ni kitu gani?

Mashine nyingi za sasa zina Bluetooth. Hii ni njia ya kupeleka sauti kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila waya, kwa mawimbi ya redio, kwa umbali wa mita kama 10. Jina lake linatokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyejulikana kwa jina la utani la "Jino la Buluu". Mfalme huyo aliwaunganisha watu wake, na wabunifu wakaona jina hilo linafaa kwa kitu kinachounganisha vifaa.

Faida yake kwa mzee ni kubwa. Sauti ya anayepiga huingia moja kwa moja katika mashine, mara nyingi masikio yote mawili kwa pamoja. Mluzi wa kubandika simu hakuna, na makelele ya nje hupungua.

Lakini angalia jambo hili kabla ya kutoa fedha: si kila mashine huelewana na kila simu. Mashine nyingine zilitengenezwa ziungane vizuri na iPhone, nyingine na aina fulani tu za simu za Android, na nyingine huungana na karibu simu yoyote yenye Bluetooth. Ndugu aliyeko ng'ambo anapotaka kumnunulia mama mashine, amwambie mtaalamu mama anatumia simu gani, jina na toleo lake. Swali hilo moja linaweza kuokoa fedha nyingi.

Namna ya kuunganisha

1. Chaji simu na mashine. Kaeni mahali penye utulivu.

2. Zima mashine, kisha uiwashe upya. Yenye betri ndogo, fungua kijumba cha betri na ukifunge. Ya kuchaji, iweke katika chaja na uitoe. Mashine nyingi hukubali kuunganishwa katika dakika chache tu baada ya kuwashwa, kwa hiyo usikawie.

3. Katika simu, fungua mipangilio na uwashe Bluetooth. Subiri jina la mashine litokee, uliguse na ukubali. Kwa iPhone, ingia katika sehemu ya ufikivu, penye vifaa vya kusikia. Baadhi ya mashine huhitaji programu ya kampuni iliyozitengeneza.

4. Piga simu ya majaribio ukiwa chumba cha pili. Mwache mama apokee mwenyewe. Rudieni mara tatu au nne, na tena kesho yake.

Msimfanyie kila kitu. Mshikeni kidole akiguse kitufe yeye. Mikono inayokosa nguvu hujifunza polepole, lakini hujifunza.

Matatizo yanayotokea sana

"Ninamsikia, yeye hanisikii." Baadhi ya mashine huchukua sauti ya mzee na kuipeleka katika simu. Nyingine hazifanyi hivyo, na mzee lazima aseme karibu na kipaza sauti cha simu. Simu ishikwe mbele ya mdomo, isibandikwe sikioni. Mazoea ya miaka mingi huuvuta mkono kwenda sikioni, basi mkumbusheni kwa upole.

"Mjukuu amepokea, hasikii kitu." Sauti imekwenda katika masikio ya bibi. Wakati wa mazungumzo, simu huonyesha alama ya kuchagua sauti ipite wapi: katika simu yenyewe, spika au Bluetooth.

"Ninasikia katuni kichwani!" Bibi mmoja wa hapa Tibirinzi alilalamika hivyo, na watu wa nyumbani wakaanza kuogopa. Kumbe mjukuu alikuwa akitazama katuni kwa simu ya bibi. Katika simu nyingi unaweza kuruhusu sauti za simu zinazopigwa tu na kuzuia muziki na video. Lililo bora zaidi ni mtoto kutoichezea simu ya bibi.

"Betri inakwisha mapema." Kusikiliza kwa Bluetooth hula betri. Katika kisiwa chetu, ambacho tangu mwaka 2010 kinapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, umeme ukikatika mashine ya kuchaji hunyamaza siku ya pili. Chaji kila usiku bila kusubiri iishe. Kama mnatumia betri ndogo, wekeni akiba. Ukiibandua karatasi ya betri hizo, iache ipate hewa kwa dakika chache kabla ya kuitia. Usibandue karatasi mapema, kwa sababu betri huanza kufanya kazi hapo hapo.

"Sauti imefifia." Tazama kama nta imeziba tundu la mashine. Joto, jasho na unyevu wa pwani pia huharibu. Usiku mzee aivue, uifute kwa kitambaa kikavu, na uihifadhi katika kopo lenye vidonge vya kukaushia unyevu. Isilowe, wala isiachwe juani.

Ikiwa mashine haina Bluetooth

Usikate tamaa. Mashine ya kuvaa nyuma ya sikio ina kipaza sauti chake juu, nyuma ya sikio, si katika tundu la sikio. Basi simu isogezwe juu kidogo na kulazwa upande, mpaka sauti iingie bila mluzi. Mashine nyingine zina sehemu ya "T", ambayo hunasa sauti ya simu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Mwulize mtaalamu kama imewashwa. Simu ikivuma "zzz" ndani ya mashine, jaribu kubadili mtandao kutoka 2G kwenda 4G.

Simu ya video nayo ni msaada mkubwa. Mzee anaona midomo ya mwanawe, na mara nyingi sauti za intaneti huwa pana kuliko za simu ya kawaida.

Sisi tunaopiga

Taja jina lako kwanza. Sema polepole, usipige kelele, kwa maana kelele huharibu maneno. Mama asiposikia, usirudie sentensi ile ile mara tano, iseme kwa maneno mengine. Tarehe na kiasi cha fedha vitume pia kwa ujumbe. Na neno hili, "Basi, si kitu, nitazungumza na dada," tuliache. Linamwambia mzee kwamba hana haja tena.

Heshima na siri

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mama asiyesikia simu huishia kuweka spika, na habari zake zikasikika mpaka kwa majirani: ugonjwa wake, deni lake, ugomvi wa watoto wake. Au humpa mtu simu amtolee fedha, na namba ya siri ikajulikana na nyumba nzima. Matapeli nao hupiga wakijifanya watu wa kampuni ya simu, na mzee anayesikia nusu nusu hukubali ili mazungumzo yaishe. Mfundisheni mama kwamba namba ya siri haitajwi kwa simu, hata aliyepiga awe nani. Asiposikia vizuri, akate, ampigie mtu anayemjua.

Akina mama, sisi ndio tunaowatunza wazee hawa. Tunawapikia, tunawafulia, tunawapeleka hospitali. Tuongeze na nusu saa ya kukaa nao na simu. Wiki hii mshike mzee wako mkono, muunganishe mashine yake, kisha utoke nje na umwache azungumze na mwanawe faraghani.